Dawa inagusa nini? Maswali ya watu wa Bukavu kuhusu utafiti wa dawa mpya

Ukijulikana mtaani kwamba unafundisha kemia, maswali ya dawa yanakufuata mpaka mlangoni pa kanisa. Yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara, kutoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa wauza farmasi wa Kadutu na Nyawera, na kwa wazazi wenye watoto wa anemia SS (selimundu, ugonjwa wa chembe za damu zinazopinda kama mundu). Mimi si daktari wa hospitali. Mwenye mgonjwa nyumbani ampeleke kwanza kituo cha afya, kusoma kutafuata.

Kemia ya dawa ni nini? Si ndiyo kazi ya mfamasia?

Mfamasia anashughulika na dawa iliyokwisha kuwa dawa: kipimo chake, namna ya kuitunza, haipatani na dawa gani nyingine. Mwanakemia wa dawa yuko nyuma kabisa ya hapo, wakati kitu bado ni molekuli tu isiyo na jina la kuuzia. Anaondoa atomu hapa, anaongeza pale, kisha anapima upya. Je, inashika vizuri zaidi kuliko jana? Ini linaivunja kabla haijafika inakokwenda? Inausumbua moyo? Kazi hiyo inarudiwa kwa mamia ya molekuli, na karibu zote zinabaki kwenye daftari.

Mbona watafiti wanapoteza miaka kuchunguza ugonjwa, badala ya kutafuta dawa moja kwa moja?

Kwa sababu dawa lazima iguse kitu fulani, na kitu hicho lazima kijulikane. Chukua malaria. Kimelea chake kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu kinakula himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Kinapoimeng'enya kinabakiwa na hemu, kipande chenye chuma, na hemu iliyo huru ni sumu kwa kimelea chenyewe. Basi kinaigandisha iwe fuwele isiyodhuru. Fuwele hizo ndizo rangi ya kahawia ambayo mtu wa labo anaiona kwenye darubini.

Ukishajua hivyo, umejua pa kushambulia. Klorokwini inajibandika kwenye hemu na kuzuia isigande. Kimelea kinakufa kwa sumu ya chakula chake. Haikubuniwa kwa kujua hayo, nikubali, maelezo yalikuja miaka mingi baadaye. Lakini leo mtu anayetaka kutengeneza ndugu wa klorokwini aliye bora hapapasi gizani tena.

Ni kweli kwinini ilitoka kwenye miti ya huku kwetu?

Mti wenyewe, kinkina, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Uliletwa huku wakati wa Wabelgiji, ukapatana na udongo na baridi ya milima ya Kivu. Magome yake yanachunwa na kukaushwa, na kiwanda cha Pharmakina hapa Bukavu kimekuwa kikitoa kwinini kwenye magome hayo kwa miaka mingi. Wazee wengi wa Kabare na Walungu wanaweza kukuonyesha mti huo bila kufikiri mara mbili.

Jambo lililobadilisha historia ya kwinini lilifanyika Paris mwaka 1820, pale Pelletier na Caventou walipofaulu kuitenga kutoka kwenye gome. Kabla ya hapo mgonjwa alikunywa unga wa gome, na hakuna aliyejua amekunywa kiasi gani, maana mti mmoja una kwinini nyingi na jirani yake ana kidogo. Tangu walipoitenga, kwinini iliweza kupimwa kwenye mizani. Mtu wa kilo sitini apewe hiki, mtoto apewe kile. Kwangu mimi hapo ndipo dawa ya kisasa ya malaria ilipozaliwa, katika uwezo wa kupima. Mti ulikuwepo tangu zamani.

Mwaka 1934 maabara ya Bayer, Ujerumani, ilitengeneza klorokwini, ambayo ina kiini cha pete mbili kinachofanana na cha kwinini. Ilikuwa rahisi, haikuwa chungu kwa masikio kama kwinini (aliyewahi kutibiwa kwa kwinini anajua ile kelele ya kichwani), na iliokoa watu wasiohesabika. Halafu vimelea vikapata badiliko kwenye protini moja ya ukuta wa tumbo lao, vikaanza kuitoa klorokwini nje kabla haijakutana na hemu. Ndiyo maana klorokwini ya zamani uliyoikuta kwenye sanduku la bibi haikufai kwa malaria.

Na kwinini yenyewe? Kwa malaria kali imepitwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio la watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo yetu ikiwemo. Waliopewa sindano ya kwinini walikufa 10.9 kwa mia. Waliopewa ya artesuneti, dawa itokanayo na mmea wa artemisia, 8.5 kwa mia. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uizidishe kwa watoto wanaolazwa kila msimu wa mvua.

Tunapanda artemisia nyuma ya nyumba. Kwa nini wanakataza chai yake?

Swali hili ndilo linaloniletea ugomvi mkubwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mmea hauna kosa. Dawa za malaria tunazotumia leo zimetoka kwenye *Artemisia annua*. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwanasayansi Tu Youyou na wenzake wakapekua vitabu vya kale vya tiba. Walichemsha majani kama kawaida. Matokeo yakawa ya kusuasua. Kitabu kimoja cha karne ya 4 kilisema majani yalowekwe kwenye maji kisha yakamuliwe, bila neno lolote la moto. Tu akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu, akatumia etha, kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo tu. Safari hiyo dawa ilifanya kazi. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Sasa angalia chai yako. Artemisinini, ile molekuli yenyewe, haipendi maji. Inayeyuka ndani yake kwa shida. Majani ya shamba hili yana nyingi, ya shamba lile yana kidogo, na inategemea pia yalichumwa lini na yalikaushwa vipi. Tena huku watu wanapanda aina mbili, *annua* na *afra*, na hiyo ya pili ina artemisinini kidogo mno au haina kabisa. Mama anayekunywa vikombe vitatu hawezi kujua amekunywa dawa kiasi gani. Tumerudi kwenye unga wa gome wa kabla ya 1820.

Kipimo kidogo hakiishii tu kushindwa kukuponya. Kinaua vimelea dhaifu na kuwaachia nafasi vile sugu. Hiyo ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai, unga wala vidonge vya majani ya artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria. Wapo wanaoniambia ni njama ya viwanda. Viwanda vina njama zake, sikatai, lakini artemisinini ingekataa kuyeyuka kwenye maji hata kama hakuna kiwanda duniani.

Hiyo artemisinini inaua vipi?

Ndani ya molekuli yake kuna daraja la atomu mbili za oksijeni zilizoshikana. Ni kitu adimu, na hakitulii. Likikutana na chuma cha ile hemu niliyoitaja juu, daraja linavunjika na kuzaa vipande vikali vinavyounguza protini za kimelea kila upande. Uzuri wake ni kwamba inalipuka pale penye chuma kilicho huru, yaani ndani ya kimelea kilichokwisha kula damu. Ukiliondoa daraja hilo, molekuli iliyobaki haiwezi kitu dhidi ya malaria.

Udhaifu wake ni kwamba mwili unaitoa ndani ya saa chache tu. Ndiyo maana inafungwa pamoja na dawa inayokaa siku nyingi, kama lumefantrini au amodiakwini: ya kwanza inapunguza vimelea kwa haraka, ya pili inamalizia masalia. Lumefantrini inaingia mwilini vizuri zaidi ikiwa tumboni kuna mafuta. Kidonge hicho usikimeze na maji matupu. Kimeze baada ya bugali na sombe iliyotiwa mawese, au na maziwa. Na umalize siku zote tatu hata kama homa imekwisha siku ya kwanza.

Malaria ya huku imeanza kuizoea dawa hiyo?

Ng'ambo ya Ruzizi, nchini Rwanda, watafiti waliripoti mwaka 2020 vimelea vyenye badiliko kwenye jeni iitwayo K13. Badiliko hilo linakipunguzia kimelea hamu ya kula himoglobini katika saa zake za kwanza, na asiyekula hana chuma cha kuilipua artemisinini. Uganda nako yameonekana mabadiliko ya aina hiyo. Dawa za mchanganyiko bado zinaponya watu wengi mno, ila vimelea vinachelewa kutoka damuni, na mzigo unaangukia ile dawa ya pili. Mbu haonyeshi pasi mpakani.

Dawa mpya inachukua muda gani?

Miaka kumi mpaka kumi na mitano, kwa kawaida. Kati ya molekuli kumi zinazofika hatua ya kujaribiwa kwa watu, karibu tisa zinaanguka. Nyingine haziponyi, nyingine zinaponya na kuharibu ini.

Kuna dawa yoyote mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wetu, wala si wa matajiri?

Ipo, na ningependa ijulikane zaidi: ya malale. Huku milimani hatuuoni sana ugonjwa huo, lakini mwulize mtu wa Maniema au wa Bandundu. Kimelea kinaletwa na mbung'o, kinaanzia kwenye damu, mwishowe kinaingia kwenye ubongo. Hapo ndipo ugumu wa kikemia ulipo, kwa sababu ubongo una ukuta unaozuia molekuli nyingi zisipite.

Kwa miaka mingi dawa ya hatua hiyo ya mwisho ilikuwa melasoproli ya mwaka 1949, molekuli yenye aseniki, sumu ile ile ya kuulia panya. Iliunguza mshipa wakati wa kuchomwa, na katika wagonjwa ishirini waliotibiwa mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Wanganga waliichoma wakijua hivyo, kwa kuwa bila tiba malale karibu kila mara inaua. Mwaka 2009 ulipatikana mchanganyiko salama zaidi, lakini ulidai serumu (dripu ya mshipani) kumi na nne ndani ya siku saba, pamoja na vidonge. Nenda ukatundike serumu kumi na nne kwenye kituo cha afya kisicho na umeme, safari ya siku mbili kwa pirogi kutoka mjini.

Feksinidazoli ilikuwa imekwisha kutengenezwa Ujerumani tangu miaka ya 1970 na kuachwa kabatini, haikuahidi faida. Shirika lisilo la faida la DNDi likaifukua mwaka 2005 likipekua molekuli zilizosahaulika. Jaribio kubwa lilifanyika hasa hapa Kongo, likiongozwa na daktari wetu Victor Kande, kwa wagonjwa 394 pamoja na wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Vidonge hivyo vya siku kumi, vya kumezwa baada ya chakula, viliponya 91 kwa mia ya waliokuwa katika hatua ya mwisho. Serumu ziliponya 98 kwa mia. Ndiyo, serumu zilikuwa mbele kidogo. Lakini kidonge kinafika kijijini. Kongo iliisajili mwishoni mwa 2018.

Nyuma yake inakuja akoziboroli, na hii inanifurahisha kama mwanakemia kwa sababu moyoni mwake kuna atomu ya boroni, kitu ambacho dawa chache sana zinacho. Inazuia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) ambacho kimelea kinakitegemea kukata ujumbe wa jeni zake. Mgonjwa anameza vidonge vitatu mara moja, basi. Katika jaribio la watu 208 wa Kongo na Guinea, wagonjwa 95 kwa mia wa hatua ya mwisho walipona. Mwaka 1998 waliripotiwa karibu wagonjwa 40,000 wa malale duniani. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka. Siyo dawa peke yake, kuna mitego ya mbung'o na timu za kupima damu vijijini, ila bila dawa zinazostahimilika timu hizo zingekuwa zinatafuta watu wa kuwapa nini?

Wakati wa Ebola walitufanyia majaribio kama sungura. Au sivyo?

Hasira hii naielewa. Watu wa Beni na Butembo waliona magari meupe mengi ya Ebola baada ya miaka ya kuuawa bila gari hata moja. Lakini kuhusu dawa zenyewe, kisa ni kingine, na kinaanzia kwa Mkongomani.

Mwaka 1995, mjini Kikwit, profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wa virusi, na wenzake waliwapa wagonjwa wanane damu ya waliopona Ebola. Saba waliishi. Wengi nje walibeza: wagonjwa wanane ni wachache mno, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, kwenye damu ya mmoja wa walionusurika Kikwit ilipatikana kingamwili, protini ya kinga ya mwili, inayokaba kirusi pale pale kinapotaka kujishikiza ndani ya seli. Ikaitwa mAb114. Kwa usahihi, kingamwili inazalishwa na seli hai na haijengwi atomu kwa atomu, hivyo iko pembeni kidogo ya kemia ya dawa. Swali lakini ni lile lile: inagusa nini?

Novemba 2018 likaanza jaribio lenye jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha. Dawa nne, watu 681, bahati nasibu ikiamua nani apate ipi. Hakuna aliyepewa maji matupu. Agosti 2019 dawa mbili zikasimamishwa mapema kwa kuwa mbili nyingine zilikuwa zimeziacha mbali: kwa mAb114 walikufa 35 kwa mia, kwa REGN-EB3 karibu 34, wakati kwa ZMapp walikufa 50 na kwa remdesiviri 53. Kwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache damuni, vifo vilikuwa chini zaidi ya hapo. Nchini Marekani zote mbili ziliidhinishwa mwaka 2020. Remdesiviri, iliyoshindwa Kivu, ikaenda kutumika kwa Kovidi.

Unalo haki ya kuuliza kabla ya kuingia kwenye jaribio lolote: karatasi ya ridhaa iko katika lugha yangu? Naweza kujitoa katikati na bado nikatibiwa? Dawa ikifaulu, itabaki huku? Swali hilo la tatu ndilo watafiti wanalojibu kwa sauti ndogo, na ndilo ninalowasihi wanafunzi wangu walipaze.

Na mpox (ndui ya nyani)? Mbona walisema dawa ipo, kisha wakasema haifai?

Dawa hiyo, tekovirimati, ilitengenezwa kwa ajili ya ndui, ndugu wa mpox. Inagusa protini ambayo virusi vya ukoo huo vinahitaji ili kujifunga koti na kutoka seli moja kwenda nyingine. Kwa wanyama ilifanya vizuri. Jaribio la Kongo, Tunda kwa upande wa Maniema na Kole kule Sankuru, lilichukua watu 597, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kitupu. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024, siku moja tu baada ya dunia kutangaziwa dharura ya mpox, ile ambayo tawi lake jipya liligunduliwa Kamituga, hapa hapa Kivu ya Kusini. Vidonda havikupona haraka zaidi kwa waliopata dawa.

Lakini soma mstari wa pili. Waliokufa walikuwa 1.7 kwa mia katika makundi yote mawili, wakati nchini kwa kawaida ilikuwa 3.6 au zaidi. Wote walilazwa, walinyweshwa, walilishwa, walioshwa vidonda, walitibiwa malaria na maambukizo mengine. Sisi tunaokaa maabara hatupendi sana matokeo ya namna hiyo.

Mtoto wangu ana anemia SS. Sayansi imefika wapi?

Imeujua ugonjwa huu zamani kuliko karibu mwingine wowote. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti. Ndiyo mara ya kwanza ugonjwa kuitwa ugonjwa wa molekuli. Miaka michache baadaye Vernon Ingram akaipata tofauti yenyewe: kwenye mnyororo mmoja wa protini, nafasi ya sita, asidi ya glutamiki imebadilishwa na valini. Kiungo kimoja tu. Ya kwanza inapenda maji, ya pili inayakimbia, na kwa kuyakimbia inatafuta mahali pa kujificha kwenye himoglobini ya jirani. Oksijeni ikipungua zinashikana msururu mrefu, chembe inapinda kama mundu, mshipa mwembamba unaziba, mtoto analia mifupa usiku.

Kuujua ugonjwa hivyo na kuutibu ni mambo mawili, na miaka mingi imepita katikati. Dawa iliyo karibu nawe ni hidroksiurea. Inaamsha himoglobini ya mtoto wa tumboni, ambayo haina kasoro hiyo na inavuruga ile misururu. Wengine waliogopa kwamba kwenye nchi za malaria ingewadhuru watoto. Jaribio lililofanyika Angola, Uganda, Kenya na hapa Kongo, Kinshasa, lilionyesha mwaka 2019 kinyume chake: maumivu yalipungua, damu ya kuongezwa ilipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Inahitaji kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue na kumpa mtoto bila daktari.

Voksiloto, iliyobuniwa kwa uangalifu ili kuishika himoglobini isiachie oksijeni, iliidhinishwa Marekani 2019 na mtengenezaji akaiondoa sokoni Septemba 2024 kwa wasiwasi wa vifo. Molekuli ilibuniwa kwa akili nyingi, ikagusa kile kile ilichokusudiwa kugusa, na bado haikutosha. Mwishoni mwa 2023 yaliidhinishwa matibabu ya kukarabati jeni ndani ya seli za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Siwezi kumwambia mama wa Bagira kwamba hiyo ni habari njema yake, bado.

Kabla ya ndoa, pimeni damu mjue kama mnabeba SS. Nalisema kila mwaka, na kila mwaka kuna mchumba mmoja anayenichukia.

Je, mitishamba ya wazee haina kitu?

Ina vitu vingi sana. Ua la waridi-zambarau linaloota kwenye viwanja vyetu bila kupandwa, *Catharanthus roseus* la Madagaska, ndilo lililotoa vinkristini inayotibu saratani ya damu ya watoto. Mizizi ya *Rauvolfia* ya misitu ya Kongo ilisafirishwa kwa wingi kwa ajili ya reserpini, dawa ya shinikizo la damu. Magome ya *Prunus africana* ya milima hii yanaenda Ulaya kutengenezwa dawa ya tezi dume, na mti umechunwa hata biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa tangu 1995. Mwenye kuchuna anabaki na franka chache, na mti unakauka. Hicho ndicho kinachoniuma kwenye mitishamba kuliko ubishi wa kama inaponya.

Mzee akikuonyesha jani, andika jina lake, mahali, msimu, namna anavyoliandaa, na jina la mzee mwenyewe. Kituo cha utafiti cha Lwiro kina makusanyo ya mimea ya tangu enzi za Wabelgiji. Nenda ukalinganishe kabla ya kutangaza uvumbuzi.

Dawa za sokoni nitajuaje ni nzuri?

Kwa macho, hutajua. Pakiti ya bandia inaweza kuwa nzuri kuliko ya kweli. Hata dawa ya kweli, ikianikwa juani siku nzima pembeni ya soko la Kadutu, joto linaivunja taratibu. Nunua kwenye farmasi yenye mtu anayejibika, tazama tarehe, kataa vidonge vilivyohesabiwa kwenye mfuko bila jina. Na huyo anayekuuzia vidonge viwili vya antibiotiki kwa sababu una franka za viwili tu, anakuuzia usugu.

Akili bandia haitamaliza kazi yote hii?

Imeharakisha sehemu moja. Programu ya AlphaFold inakisia umbo la protini, na walioitengeneza walikuwa miongoni mwa waliopata Nobel ya kemia mwaka 2024. Kujua umbo kunakuonyesha pa kugusa. Hakukuambii ini la mtu wa Uvira mwenye utapiamlo litaifanyia nini molekuli yako.

Binti yangu anataka kazi hii. Aanzie wapi?

Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu kina kitivo cha udaktari na famasia. Lubumbashi na Kinshasa nako wana vitivo vya famasia. Aikazanie kemia ya kaboni mwaka wa kwanza na wa pili, hapo ndipo wengi wanapoanguka. Ajifunze Kiingereza, hata kama masomo ni kwa Kifaransa, kwa sababu ripoti karibu zote zinaandikwa kwa Kiingereza.

Maabara zetu hazina vifaa vya kutosha, na umeme unakatika katikati ya jaribio. Kompyuta ya mkononi lakini inatosha kuanza. Benki ya Protini (hazina ya maumbo ya protini) na PubChem (hazina ya molekuli) ni bure, AutoDock Vina, programu ya kulinganisha molekuli na protini, pia ni bure, na faili la umbo la protini moja mara nyingi halifiki hata mega mbili. Achague kimeng'enya kimoja cha kimelea cha malaria, apakue umbo lake, ajaribu kukilinganisha na molekuli za mmea mmoja wa Kivu ambao kemia yake imekwisha kuchapishwa. Matokeo hayatakuwa dawa. Yatakuwa kazi ya kumpelekea profesa mkononi siku anapoomba kuingia maabara.